Sikujua

Baunsa wa klabu ile ya Westlands aliniuliza jina.
Nikamwambia, Sikujua.
Akacheka mpaka tochi ikatikisika mkononi.
"Hata jina lako hulijui, na bado hujaonja kitu?"
Nikatoa kitambulisho cha chuo.
Akasoma. Akasoma tena.
Akawaita wenzake waje waone.

Nilizaliwa baba akiwa Mbinga, ananunua kahawa.
Aliporudi alisema neno hilo moja
na mama akalishika.
Lakini hilo huwezi kulieleza mlangoni,
foleni nyuma yako inapiga miluzi.

Kerubo ndiye aliyenitoa hosteli.
Alisema Ijumaa si siku ya kufua.
Nikaziacha shuka mbili kwenye beseni, na povu lake,
nikavaa koti la Achol, linalonifika magotini,
maana Julai ya Nairobi inang'ata,
na mimi nimetoka Songea, baridi naijua.

Ndani, muziki ulinigonga kifua
kama mtu aliyesahau funguo.
Nikamwita mhudumu:
"Samahani dada, naomba soda,
iliyo baridi, kama ipo."
Meza nzima ikanyamaza.
"Rudia!" Mutuku akagonga chupa. "Rudia hiyo naomba!"
Nikairudia mara nne.
Kufikia saa sita meza ya jirani nayo imesogeza viti.
Sema tafadhali. Sema shikamoo.
Nikasema, nikasema,
mchekeshaji asiye na kichekesho.
Soda ya pili ililetwa bure.
Niliinywa polepole, nikijiuliza nimeuza nini.

Chooni palikuwa na msichana amekalia ndoo iliyofudikizwa,
viatu mkononi, wanja umemfika kidevuni.
Nikasema, "Pole, mwenzangu."
Akainua uso.
"Sema tena," akasema,
na huyu hakuwa anacheka.
Nikasema tena.
Mpaka leo simjui ni nani,
wala nilimpa pole ya nini.

Saa kumi tuko Ngara, tumezunguka jiko la mutura.
Moshi unatuchagua mmoja mmoja.
Mutuku ananilipia, laini yangu ya nyumbani haitumi pesa,
anaandika deni kwenye simu: *Sikujua, mia tatu arobaini.*
"Kesho nikiulizwa nani ananidai," namwambia,
"nitajibu ukweli mtupu: Mutuku.
Wewe ukiulizwa unamdai nani, utasemaje?"
Hapo ndipo nilipowachekesha kwa kukusudia.
Kerubo alimwaga kachumbari.

Geti la hosteli limefungwa.
Wafula, askari wa zamu, anasomea uhasibu
chini ya taa yenye wadudu.
Hafungui kabla ya saa kumi na mbili, sheria ni sheria,
ila anatusogezea benchi,
anatupa upande mmoja wa blanketi
na swali la saba, ambalo limemshinda.
Achol analitatua akiwa amefumba macho.

Jumapili mama anapiga.
Umelala salama? Umekula?
"Niko tu poa, mathe. Form ni gani huko?"

Kimya.
Nasikia jogoo wa jirani yetu,
nasikia mama akisogeza kigoda.
"Wewe ni nani," anauliza taratibu,
"unayepokea simu ya mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Sikujua."

Akacheka, lakini alichelewa kidogo,
na ule uchelewaji nimebaki nao.

Nikarudi kwenye beseni.
Povu limekwisha, maji yamekuwa ya kijivu,
shuka zimeshaanza kunuka.
Nikazikamua, nikaanza upya,
na Kerubo dirishani ananiuliza kama leo natoka.
"Naomba nimalize kwanza," nikasema.
Hakuna aliyecheka.
Sijui kama wamenizoea
au hawakunisikia.